Vijiti vya Sauti ya Pili Vitazame Chini

Jumatatu saa tatu asubuhi Fundi Nota alifungua wimbo wa kwaya kwenye kompyuta, akakuta sauti ya pili imepanda juu ya sauti ya kwanza. Programu ilikuwa imezichukua zote mbili kuwa sauti moja. Vijiti vya nota vilitazama juu vyote, nota zimelaliana kama viatu mlangoni, na hakuna mwimbaji ambaye angejua zake ni zipi. Fundi alichagua nota ya chini, akabonyeza kitufe cha sauti ya pili.

"Taratibu, kaka," spika ikasema. "Hapo unanikaba."

Ilikuwa sauti ya Mshonaji, mama aliyeshona majoho ya kwaya katika chumba cha pili, nyuma ya kioo. Wiki mbili nyuma Mwalimu wa kwaya alimkuta akiuimbia wimbo alioutunga Mwalimu sauti ya pili aliyoibuni mwenyewe, huku akipinda mikono ya joho. Mwalimu aliweka simu juu ya cherehani, akamrekodi. Alipozima simu, Mshonaji hakuwa na neno tena kooni. Fundi alipoiandika rekodi ile kwa nota, maneno yalirudi, ila kwenye kompyuta.

Basi Fundi alimwita Mshonaji, wakarekebisha pamoja. Vijiti chini. Nota zilizogongana, moja isogee kulia. Kwenye kipimo cha kumi na tisa cha wimbo sauti ya pili haiimbi, na programu ikaweka alama ya pumziko. Fundi aliona inachafua ukurasa, akaifuta.

"Sasa nitavuta pumzi wapi?" spika ikauliza. "Puani kwako?"

Akairudisha.

Kila mchana binti wa Mshonaji alipita kuongea na mama yake.

"Mama, sufuria kubwa iko wapi?"

"Chini ya kitanda. Na ofisini kwa watu usije na kandambili."

Fundi akifunga faili, mama alinyamaza. Jumamosi na Jumapili nyumba yao iliendeshwa kwa mikono na macho.

Alhamisi ya wiki iliyofuata Fundi alipata dawa. Aliitoa sauti ya pili, akaipa mistari mitano yake peke yake, na juu akaandika jina la Mshonaji. Mshonaji alikohoa.

"Maji," alisema kwa mdomo wake.

Mwalimu aliingia wakati huohuo, akasoma kioo cha kompyuta.

"Jina la nani hilo?"

"La mwenye sauti ya pili, Mwalimu."

"Sauti ya pili ni ya wimbo, na wimbo ni wangu. Wewe unachapa au unatunga?"

"Nachapa."

"Basi chapa."

Fundi alifuta jina. Mshonaji, sauti ikiwa imemtoka tena, aliweka chini glasi ya maji, akarudi kwenye cherehani.

Ijumaa vitabu vya wimbo vilitoka, jina moja kwenye jalada, la Mwalimu. Programu ikaanza kujisasisha yenyewe, ikafika asilimia thelathini na nne, ikakaa hapo. Mwalimu alikuwa amefunga mlango wa chumba cha ushonaji kwa ufunguo, Mshonaji akiwa ndani, ili cherehani isisumbue mazoezi. Binti alikuja, akakuta kompyuta haiongei, akaketi kusubiri. Kwaya ilikuwa inaimba ukumbini. Kidogo kidogo binti akaanza kuifuata kwa sauti ya tatu, nzuri, iliyopita katikati ya zile mbili bila kuzigusa.

Mwalimu alisimama mlangoni akasikiliza. Kisha alitoa simu, akaiweka mezani polepole, kando ya kikombe.

Nyuma ya kioo Mshonaji aliinuka. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Akagonga kioo kwa mkasi. Binti alidhani anasalimiwa, akampungia mkono, akaendelea kuimba.

Fundi aliona yote. Koo lake halikuwa na tatizo lolote. Asilimia thelathini na tano. Programu ilipomaliza, Mwalimu alikuwa ameshazima simu, na binti hakuwa na sauti tena; Fundi alifungua ukurasa mpya, akautengea nafasi ya sauti tatu, na akahakikisha kila moja ina mapumziko yake.