Maziko Kwenye Kibanda cha Nasibu

"Filamu gani hii, haina hata ngumi moja?" watu walilalamika, wakatoka mmoja mmoja kwenye kibanda cha video cha Nasibu, pale Mkomaindo.

Filamu yenyewe aliitengeneza Stefano, kaka yake Severina, juu ya utoto wao kule Lupaso enzi za vibatari. Mjini waliipuuza, na hapa kwao ndiyo hivyo tena. Mama wa kwenye filamu alipoanza kukohoa, mabenchini alibaki Severina peke yake, bibi mzima mwenye wajukuu.

Hakuja kumsifu kaka mtu, alikuja kuona maziko. Mama yao alipokufa Severina alikuwa na miaka saba. Wakubwa wakampeleka Lukuledi kwa shangazi, wakamwambia mama kaenda kusalimia ndugu, atarudi korosho zikianza kuanguka. Korosho zikaanguka. Kila jioni akakaa njiani na kikapu cha mabibo ya mama, mpaka yakaoza. Ukweli aliupata kwa watoto wenzake, tena kwa kuchekwa: "Mama yako si alishazikwa!" Hasira ile haikumtoka hadi uzeeni. Stefano, kwa kuwa mkubwa, alitupa udongo kaburini. Yeye hata konzi moja hakupata.

"Shikamoo, Mama Salome. Samahani, naweka mpira," Nasibu alimwambia Severina, rimoti keshaishika. "Watu wananisubiri nje."

"Marahaba. Na uthubutu! Mama yangu hajazikwa bado."

Nasibu akaishusha rimoti. Kwenye skrini jeneza likashushwa. Pembeni ya kaburi Stefano alikuwa amemsimamisha mtoto wa kike, kavaa gauni la bluu kama lile alilokuwa nalo Severina utotoni, na mtoto akatupa konzi ya udongo.

Severina akapiga yowe, yowe la msiba hasa.

Na kwetu yowe likisikika, watu huenda kwanza, maswali baadaye. Bimdogo, muuza karanga, aliacha sinia lake nje akaingia huku anafunga kanga kiunoni. Wenzake wakamfuata, hata vijana wa mpira wakavua kofia.

"Pole, mwenzangu! Nani kafariki?"

"Mama."

"Uwii! Lini?"

"Nikiwa na miaka saba," alisema Severina, machozi yanamtiririka. "Ila nimemzika sasa hivi."

Bimdogo alimtazama, akaitazama skrini. Hakucheka. Alimwambia Nasibu azime, akaketi chini kwenye vumbi na kunyoosha miguu.

"Haya, sogeeni," akawaambia wenzake. "Tukae na mfiwa."