Dakika Tisa za Jumapili

Mpima uzito wa kiwanda cha sabuni ya unga alimwekea msimamizi karatasi mezani. Alikuwa amechora visanduku viwili, kimoja kwa kila mashine, kila kimoja na mistari kama masharubu pande zote mbili, inayofika kwenye pakiti nyepesi na nzito kuliko zote.

"Mashine zote mbili zinajaza gramu mia tano," msimamizi alisema. "Sasa tatizo liko wapi, dada?"

"Mia tano ni katikati tu. Tazama upana. Nusu ya pakiti, zile za katikati, zimo ndani ya kisanduku. Cha mashine ya kwanza ni chembamba: haiyumbi. Cha pili kipana kama mdomo wa jirani yangu: leo inapunja, kesho inamwaga. Itengenezwe."

Msimamizi akacheka, akasaini.

Saa ya chakula mpima uzito alikaa peke yake kwenye chumba cha mizani. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alihamia mji mwingine kikazi mwaka juzi, na kila Jumapili humpigia simu. Hakukuwa na la kulalamikia. Ila siku hizi simu ikishakatika, nyumba ilizidi kuwa kimya, na hakujua kwa nini. Simu ilihifadhi muda wa kila mazungumzo. Akachukua penseli, akachora kisanduku cha mwaka jana na cha mwaka huu.

Katikati ilikuwa ile ile, dakika tisa. Lakini kisanduku cha mwaka jana kilianzia dakika nne hadi ishirini na tano, na sharubu lake lilifika saa nzima, siku binti alipogombana na bosi wake. Cha mwaka huu: nane hadi kumi. Chembamba kuliko cha mashine.

Kwa mashine angefurahi. Hapa moyo ulimshuka.

Akapiga hapo hapo, Jumanne mchana.

"Mama? Nani anaumwa?"

"Hakuna. Hivi wewe, unanipigia huku ukitazama saa?"

"Mama, jamani..."

"Nijibu."

"Naweka alamu. Dakika tisa. Nachoka, mama, na sitaki uone nimekutupa."

"Izime. Ukiwa na la kusema, piga. Huna, usipige."

"Umekasirika?"

"Rudi kazini."

Jumapili simu haikulia. Alifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Jumapili ya pili alijikuta amepika chakula cha watu wawili. Mkono ulikwenda kwenye simu, akaurudisha. Amri aliitoa mwenyewe; amlaumu nani?

Alhamisi asubuhi, yuko kwenye mizani, simu ikalia.

"Mama, ufunguo umevunjikia kwenye kitasa!"

"Una koleo?"

"Nina kibanio cha nyusi tu."

"Kinatosha. Dondosha mafuta kwanza. Usiusukume!"

"Subiri... subiri... Umetoka! Mama, nimechelewa, baadaye!"

Ikakatika. Dakika mbili kasoro. Alibaki na simu sikioni, mashine zikinguruma nyuma ya ukuta, huenda binti amesahau kitu na atapiga tena.