Teodora Arudi Kiwandani

Shigela, mkulima wa pamba wa Kisesa, alipata shida kuwaeleza majirani kazi ya binti yake. Teodora alikuwa ameajiriwa na kampuni ya ushauri iliyofungua ofisi Nyamagana, miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa. Majirani waliuliza anamshauri nani, na kwa nini mtu alipwe kwa maneno. Shigela aliwajibu tu kwamba mameneja wakubwa humsikiliza mwanawe.

Na kweli walimsikiliza. Teodora aliingia viwanda vya minofu ya sangara, maghala na benki, akajifunza mambo ambayo mtu wa ofisi moja hayaoni mpaka anastaafu. Aliipenda kazi hiyo. Lakini begi lake halikuisha vumbi la safari. Mdogo wake aliolewa yeye akiwa Musoma. Tena kila alipoingia kiwandani wafanyakazi walinyamaza, maana washauri wakishafika, watu hupunguzwa.

Mwaka 1996 alipelekwa ng'ambo ya kivuko cha Kigongo, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Alimweleza mapema mkuu wake, Josephat Chenge, kwamba baba yake mdogo, Mayala, ni fundi pale. Chenge akamruhusu, ila akasema kazi yote ataipitia mwenyewe.

Bodi ya kiwanda, ndiyo mteja wao, ilitaka kiwanda kifungwe, mashine ziuzwe kama chuma chakavu. Teodora aliporudi kutoka kukikagua alisema mashine ni nzima, wanunuzi binafsi wanatafuta pa kuchambulia pamba, na kiwanda kinaweza kwenda kwa nusu ya wafanyakazi.

"Mteja hakutuita atusikie tukisema hayo," Chenge akasema.

"Basi ikibadilishwa, ripoti iende bila jina langu, bosi."

Chenge alishinda nayo siku nzima. Kesho yake akamwambia akaieleze bodi mwenyewe. Wazee wa bodi walimbana kwa maswali mpaka mchana, naye akajibu bila kubabaika. Bodi ikakubali.

Kwa desturi kazi ya mshauri huishia hapo. Teodora hakutaka watu wasome hatima yao kwenye ubao wa matangazo. Akaomba ruhusa, akavuka tena, akasimama uwanjani na kuwaeleza, kwa Kiswahili kisha kwa Kisukuma, kwa nini kiwanda kinabaki na kwa nini nusu yao hawatabaki. Wengine walimtukana. Aliwaacha wamalize, akawajibu.

Mayala alikuwa miongoni mwa wanaoondoka. Alimsogelea, Teodora akamwamkia.

"Marahaba. Ni wewe uliyeandika?"

"Ni mimi, baba."

Mayala akawageukia wenzake. "Huyu ni mtoto wa kaka yangu," alisema. "Amekuja kutuambia usoni."

Msimu ulipoanza Teodora alikuwa Bukoba kwa kazi nyingine. Chenge alimpigia simu kumwambia kwamba mashine zinanguruma na malori ya pamba yamejipanga hadi barabarani. Mayala alikuwa amerudi kulima, na pamoja na maneno yake yale uwanjani, bado alikuwa amemnunia Teodora kidogo. Hilo lilimuuma. Hata hivyo jioni ile, wenyeji wake walipouliza amewahi kufanya nini, aliwatajia kiwanda kile kwanza, akaeleza habari yake yote, pamoja na waliopoteza kazi, bila kuinamisha kichwa.