Hatua za Mzee Rutayisire

Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla Kamikazi hajabandika hata chai, simu yake ililia, na kila siku alikuwa baba yake kutoka Gahanga, pembezoni mwa Kigali, na swali lilelile. Hakuuliza wajukuu wameamkaje, wala kama mvua imenyesha huko Kibagabaga. Aliuliza: "Jana nilitembea kiasi gani?" Akishatajiwa hesabu, alishusha sauti kidogo na kuongeza: "Na usiku je? Usiku nilitembea?"

Haya, nanyi niambieni. Mtu gani mwenye akili zake huwauliza wengine kama usiku alitembea?

Kamikazi alimjibu, kwa sababu majibu alikuwa nayo kwenye simu. Kampuni aliyofanyia kazi ilikuwa imetengeneza bangili ya mazoezi iitwayo Kakamavu, kitu chembamba cheusi cha kufunga mkononi, chenye laini yake ya simu ndani na chaji ya wiki tatu. Inahesabu hatua, inasikiliza moyo, na kila inachosikia inakipeleka kwenye simu ya yeyote uliyemruhusu. Watu arobaini wa Kigali walipewa waijaribu kabla haijaingia sokoni, na kazi ya Kamikazi ilikuwa kukusanya maoni yao. Bangili ya arobaini na moja aliiomba kwa bosi wake, Oswald, Mtanzania wa Moshi mwenye maneno matamu, akaipeleka kwa baba yake.

Msimuone Kamikazi mjinga. Mzee Rutayisire alikuwa na miaka sabini na mmoja, presha juu, mkewe ameshatangulia, na mwaka uliopita alianguka uani asubuhi akaokotwa na jirani saa sita mchana. Tangu siku hiyo Kamikazi alikuwa na hofu moja tu duniani, kwamba baba yake ataanguka tena na hatakuwepo mtu. Alimsihi ahamie kwake, mzee akagoma. Alikuwa na ng'ombe, Gaju, mtoto wa yule ng'ombe wa mahari aliyoletewa Kamikazi alipoolewa. "Ng'ombe aliyekuja kwa jina lako nimwachie nani?" alisema, na hapo mjadala ukaisha, kwa maana mzee alikulia Karagwe akichunga, na huko hakuna ambaye angemshinda kwa hoja ya ng'ombe.

Basi Kamikazi akamfungia bangili mkononi kwa mikono yake mwenyewe. Mzee akaipokea kwa heshima zote, akashukuru, akaisifu. Zawadi ya mtoto hairudishwi, wala haiulizwi ni ya nini. Na kabla ya bangili Kamikazi alikuwa akienda Gahanga kila Jumamosi. Baada ya bangili hakwenda tena wiki saba mfululizo. Aende kufanya nini, na moyo wa baba yake anao mfukoni? Moyo sitini na nane, hatua elfu mbili na kidogo, mambo shwari. Usiku Kamikazi alilala vizuri, na alimwambia kila mtu hivyo.

Maoni ya watu wengine yalikuwa yakiingia, na mengine yalichekesha. Ntare, dereva wa moto, kama Kigali wanavyoiita bodaboda, aliandika kwamba siku nzima yuko juu ya pikipiki lakini bangili inampa hatua elfu ishirini, kumbe inahesabu mashimo ya barabara. Njeri, mhasibu Mkenya, alilalamika kwamba alisukuma toroli ya sokoni tangu asubuhi na bangili ikamwambia ni mvivu. Na fundi cherehani mmoja wa Nyamirambo, Christella, mama wa makamo asiyependa kuzungushwa, aliandika mistari mitatu tu: "Hii bangili iko inasikia moyo mahali hakuna moyo. Niliivua nikaifunga mguu wa cherehani, ikasema sabini na mbili. Fimbo ya mbali haiui nyoka."

Kamikazi aliisoma akacheka. Akamsomea Oswald, naye akacheka. Kisha akayatupa maoni ya Christella kwenye fungu linaloitwa Mengineyo, ambalo hakuna aliyewahi kulifungua. Mtu anaulizwa maoni, anayatoa, halafu yanafunikwa kama sufuria ya ukoko. Ndivyo tulivyo, na siku yake hufika.

Sasa sikilizeni jambo lililomtia baridi. Asubuhi moja, bangili ikiwa na wiki tano, alifungua simu akaona kwamba usiku wa jana baba yake alitembea hatua elfu nne. Hakuketi wala hakulala, alizunguka tu mpaka alfajiri. Mzee alipopiga na kuuliza swali lake, Kamikazi alimwambia, kisha akamuuliza alikuwa anatafuta nini gizani. Mzee akacheka, kicheko cha kuridhika kabisa, akasema vizuri, vizuri sana, akakata simu.

Kamikazi alifikiri ni ule ugonjwa wa wazee wa kusahau, mtu anatoka usiku hajui ametoka. Aliogopa, na sitamtetea: aliogopa akabaki palepale. Uzinduzi ulikuwa umekaribia, Oswald hakuwa na mchezo, na usiku uliofuata hatua zilirudi chini zikawa kama kawaida. Akajiambia atakwenda Jumamosi. Jumamosi hiyo ikapita, na nyingine ikapita.

Jumamosi ya tatu ilikuwa ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi. Gahanga nzima ilikuwa barabarani na majembe kuzibua mitaro, isipokuwa wazee, ambao umri umewasamehe, kwa hiyo hakuna aliyeuliza Mzee Rutayisire yuko wapi.

Jumapili simu ya asubuhi haikulia. Kamikazi akatazama bangili: moyo sabini na nne, hatua zinapanda. Akajua mzee amekwenda kanisani kwa miguu. Jioni hatua zilikuwa elfu tisa. Alimpigia, simu ikaita mpaka ikachoka, lakini mzee alikuwa na desturi ya kusahau simu ndani akishinda nje, kwa hiyo akamwandikia ujumbe: "Hongera Baba, leo umewashinda vijana."

Jumatatu tena simu haikulia. Na hatua zilikuwa hazijasimama hata usiku. Elfu kumi na nne. Moyo themanini na nane. Kamikazi akaitia simu mkobani, akavaa gauni lake la uzinduzi.

Ukumbi wa hoteli ulijaa, wageni wakubwa mbele, wale arobaini waliojaribu bangili nyuma. Oswald alimtaka asimame atoe ushuhuda, na Kamikazi akasimama. Alieleza habari za baba yake mwenye miaka sabini na mmoja anayeishi peke yake, na habari za binti asiye na wasiwasi tena. Akafungua ukurasa wa baba yake kwenye kioo kikubwa ukutani, na watu wote wakaona namba ikipanda machoni pao, hatua moja, hatua nyingine, tatu za haraka, kisha kimya kidogo, kisha tena. Wakapiga makofi. Oswald aliuliza kwa bashasha kama kuna mwenye swali.

Huko nyuma Christella akasimama, utepe wa kupimia bado shingoni.

"Dada, baba yako umesikia sauti yake lini?"

Kamikazi aligeukia kioo ukutani. Mbele yake namba iliendelea kupanda, tatu za haraka, kimya, tatu za haraka. Alihesabu siku kichwani. Jumatatu, Jumapili. Jumamosi mzee alimpigia asubuhi kama kawaida.

"Juzi," alisema.

"Na leo anatembea wapi?"

Kamikazi aliteremka jukwaani, akapita katikati ya wageni na viatu vyake virefu, Oswald akimwita kwa sauti ya chini ya mtu anayetabasamu kwa nguvu. Barabarani alisimamisha moto na kumwambia dereva Gahanga, haraka.

Njia nzima alikuwa na simu mkononi. Kicukiro ilipita, nyumba zikaanza kuachana, mashamba ya mahindi yakaingia kati ya maghorofa mapya. Kadiri alivyokaribia ndivyo zile hatua zilivyomtisha. Alijaribu kumwona baba yake akizitembea akashindwa, kwa maana hakuna mzee anayetembea hivyo: hatua tatu, kusimama, hatua tatu, kusimama, mchana na usiku, siku mbili bila kuketi. Alianza kuomba Mungu hatua zisimame. Alipojisikia anaomba hivyo, alilia.

Geti la baba yake lilikuwa limerudishwa tu. Uani hapakuwa na mtu. Alisikia mlio kutoka nyuma ya nyumba, mlio mzito uliokauka, kisha vishindo: vitatu, kimya. Akatazama simu. Namba ilipanda mara tatu, ikatulia.

Alizunguka nyumba.

Gaju alikuwa zizini, amefungwa kwenye nguzo yake. Alikuwa amekonda mbavu, na chini yake udongo ulikuwa umekanyagwa ukawa duara, kama alama ya kinu kilichozungushwa siku nyingi. Alivuta kamba mbele hatua tatu mpaka ikamkaba, akasimama, akarudi, akavuta tena. Na kwenye mguu wake wa mbele, juu kidogo ya ukwato, palikuwa na bangili nyeusi ya Kakamavu, imeongezewa kipande cha mpira wa baiskeli ili itoshe.

Alichokuwa akikivuta kilikuwa mlangoni mwa zizi, nje kidogo ya urefu wa kamba. Mzigo wa majani, haujafunguliwa, umeanza kunyauka. Na pembeni yake Mzee Rutayisire, ubavu chini, kofia imemtoka, mkono mmoja bado umeshika kifundo cha mzigo.

Kamikazi alipiga magoti na gauni lake la uzinduzi. Alimshika mkono wa kushoto, pale alipomfungia mwenyewe wiki saba nyuma. Palikuwa patupu na pa baridi. Mlio uliomtoka uliwafikisha majirani wote.

Aliyeeleza mambo alikuwa Eustache, daktari wa mifugo wa pale Gahanga, kijana mpole aliyekuja mbio na viatu vyake vya mpira. Hakujua kwamba Kamikazi hajui. Alisema mzee alimsifu binti yake kila mahali, eti ana binti mjini anayemsaidia kuchunga. Ng'ombe anayetaka dume halali, hutembea usiku kucha, na ukichelewa kumpandisha umepoteza wiki tatu nzima. Mzee alikuwa na usingizi mzito siku hizi kwa sababu ya dawa za presha. Kwa hiyo kila asubuhi alipiga mjini akauliza, na ile asubuhi alipojibiwa ndiyo, hatua elfu nne, Eustache aliitwa kabla ya chai akaja na mbegu za dume.

"Alisema kitu kizuri namna hiyo akivae mzee kwa faida gani," Eustache alisema. "Aliniambia, ng'ombe wa Kamikazi ndiye wa kulindwa na Kamikazi."

Mzee alizikwa Jumatano. Baada ya maziko Kamikazi alinawa mikono na waombolezaji wote, kama desturi ya Rwanda ilivyo, akakaa Gahanga siku za kilio. Oswald alipiga simu mara mbili, ya kwanza kutoa pole, ya pili kuuliza kwa upole kama ukurasa wa mzee unaweza kufutwa, maana wageni wanaulizia. Kamikazi hakuzungumzia ukurasa. Alimwambia afungue Mengineyo, ayatoe maoni ya Christella ayaweke ya kwanza, kama yalivyoandikwa, la sivyo atayasoma mwenyewe redioni. Kisha akazima simu ya kazi.

Ile bangili hakuifungua mguuni kwa Gaju. Watu walidhani amesahau.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simu yake binafsi ililia, saa ileile ya baba yake. Alikuwa Eustache. Aliomba radhi kwa kupiga mapema, na kwa kuuliza msibani, lakini wiki ya tatu tangu kumpandisha Gaju ilikuwa imetimia, na ng'ombe asipokamata mimba huanza tena kuzunguka usiku. Mzee ndiye angemuuliza binti yake, sasa hana wa kumuuliza ila binti mwenyewe.

"Jana usiku alitembea?"

Kamikazi alifungua ukurasa. Juu yake paliandikwa bado Baba. Aliusoma polepole, saa baada ya saa, usiku mzima, mara mbili, ili asikosee. Kisha akainuka, akatoka nje kwa miguu mitupu mpaka zizini, akamtazama Gaju kwa macho yake. Alikuwa amelala, anacheua, tumbo limeshiba.

"Hapana," alimwambia. "Jana usiku hakutembea kabisa."