Mapumziko ya Njiwa

"Ukimya katikati ya muziki wa tekno ni msiba," alisema Leander, mratibu mpya wa tamasha, akiufuta mstari wa mapumziko kwenye ratiba. "Kizazi chenu kilikuwa kinachoka, mama. Hawa wa sasa hawachoki."

"Si mapumziko ya watu. Ni ya njiwa," alijibu Wibke. Yeye ndiye msimamizi wa ukumbi huo katika mji wa Dortmund, na hakuwa na subira na mtu anayefuta kwanza kisha ndipo aulize.

Leander alicheka. Alidhani anataniwa.

Tamasha lile na njiwa vimekua pamoja. Mwaka wa kwanza, Wibke akiwa bado msichana wa kuuza vinywaji, watu walicheza mpaka asubuhi ya Mei Mosi, besi ikitetemesha vioo vya mtaa mzima. Nyuma ya ukumbi aliishi Pietrek, mchimba makaa mstaafu, na banda lake la njiwa wa mashindano, wale wanaoachiliwa mbali ili washindane kurudi nyumbani. Siku hiyo njiwa wake mmoja aliwaacha wenzake wote nyuma, lakini kwa mtetemo ule akagoma kutua, akawa anazunguka tu juu ya paa. Na njiwa hahesabiwi kufika mpaka aingie bandani. Pietrek akavamia ukumbi na ndara na fulana, kopo la mbaazi za kumwitia njiwa mkononi, akasimama katikati ya vijana wenye nywele za kijani.

"Wendawazimu nyie, mwacheni ndege wangu atue."

DJ akazima muziki. Watu wakaketi sakafuni, wakafurahi kupumzisha miguu. Njiwa akaingia. Tangu hapo, kila mwaka Pietrek akimwona njiwa wake anakuja na kupiga simu, Wibke hutundika kitambaa cheupe cha meza kwenye roshani, muziki unakatwa, na ukumbi mzima unaketi.

Mwaka huu mzee alibaki na njiwa mmoja, jike. Wengine aliwagawa kwa sababu magoti yake yalikataa kupanda ngazi za banda.

"Msimu wa mwisho, mwanangu," alimwambia Wibke. "Huyu asipoingia, nafunga banda nikiwa nimeshindwa na makelele yenu. Aibu gani hiyo."

"Ataingia, mzee. Wewe piga simu tu."

Asubuhi ya Mei Mosi, watu wakiwa bado wanacheza, simu ikalia. "Namwona. Yuko peke yake, njiwa wa washindani wangu hata hawajatokeza."

Wibke alimtazama Leander kule chini, kando ya mitambo. Leander akatikisa kichwa kukataa. Wibke akatundika kitambaa.

Muziki haukukatwa. Lakini mama mmoja wa rika la Wibke alikiona, akaketi pale pale. Mumewe akafuata. Wakawavuta mashati vijana waliokuwa karibu.

"Keti, wewe. Njiwa."

"Njiwa gani?"

"Keti kwanza, utauliza ukiwa umekaa."

Ukumbi ukashuka safu kwa safu, kama maziwa yanayofoka yakiepuliwa motoni. DJ, binti mgeni, alivua vipokea sauti akidhani spika zimekufa.

"Endelea," Leander alimhimiza.

"Nimchezeshe nani? Sakafu?" Akazima.

Kupitia mlango wa nyuma zikasikika mbaazi zikigongagonga ndani ya kopo, na sauti ya mzee ikibembeleza: "Njoo, bibie, njoo." Maelfu ya watu hawakukohoa. Hata Leander alisimama kinywa wazi.

Simu ikalia. "Ameingia."

Wibke alikivuta kitambaa juu, ukumbi ukalipuka kwa filimbi, na besi ikarudi.

Leander alipanda roshani taratibu. "Huyo njiwa anaitwa nani?"

"Kamuulize mwenyewe. Mpelekee mzee bia. Na vua hiyo miwani ya jua, njiwa hampendi mtu ambaye macho yake hayaonekani."

Aliporudi, watu walikuwa wanatoka na bega lake lilikuwa na kinyesi cha njiwa.

"Mzee anasema hafungi banda," alisema.

"Na magoti?"

"Anasema ngazi nitapanda mimi."

Wibke akamrushia ncha moja ya kitambaa. "Basi shika hapo, tukunje."