Mikaratusi ya Munanila

Winifrida alifundisha chekechea mjini Kasulu. Akirudi alimkuta mama yake, Mama Akimana, palepale alipomwacha asubuhi, kwenye kiti cha mlangoni. Presha ya macho ilikuwa imemnyang'anya uoni kidogo kidogo. Daktari alisema kilichopotea hakirudi. Matone yangelinda kilichobaki. Winifrida apike, afue, amwogeshe mama, amtie matone, siku imekwisha.

Jumamosi moja mama alisema, "Nimeikumbuka mikaratusi ya kwetu Munanila. Nipeleke."

"Mama, barabara ile mgongo wako hauiwezi."

"Basi."

Neno hilo lilimchosha Winifrida kuliko kazi zote za wiki. Akatoa rangi za maji za darasani, akachora mkaratusi na kilima nyuma yake: majani ya kijani kinachong'aa, shina jekundu, kilima cha bluu. Mama akaisogeza karatasi mpaka karibu na pua.

"Naona kitu kimetanda tu. Mti uko wapi?"

Winifrida akaongeza rangi. Kijani kikakolea, shina likawaka. Mama akatikisa kichwa.

"Nimeweka rangi zote nilizonazo, mama!" Sauti ilimpanda. Mama akapapasa upindo wa kitenge chake.

Winifrida akaketi sakafuni, amechoka hata kuomba radhi. Picha aliiegemeza ukutani, akaitazama kwa macho yaliyoanza kujifumba kwa usingizi. Shina likapotea ndani ya majani, majani yakapotea ndani ya kilima. Rangi zilitofautiana, kweli, ila hakuna iliyokuwa nyeusi zaidi ya mwenzake. Alikuwa amezidisha ukali wa rangi, giza na mwanga hakuvigusa.

Akachukua karatasi nyingine. Kilima alikipaka kwa maji mengi, kikabaki kama moshi. Majani ya upande wa jua aliyaacha na rangi nyepesi. Chini yake alitia nyekundu kwenye kijani mpaka kikapoteza mng'ao, kikawa kizito. Shina likakaribia weusi. Mianya ya anga aliiacha karatasi tupu. Picha ilikuwa ya huzuni huzuni, asingeibandika darasani.

Mama aliielekeza kwenye mwanga wa mlango, akainamisha kichwa huku na huku. Kidole chake kikapanda na shina, kikasimama.

"Hapa mti umegawanyika."

"Ndiyo, mama."

"Na huku juu kuna upepo?"

"Hapana. Mkono wangu ulitetemeka."

Mama akacheka. Winifrida naye akacheka, machozi yakimtoka.

Alichora mikaratusi mingine wiki zilizofuata. Baadhi mama aliiona, baadhi hakuiona. Mvua zilipoanza, hata shina jeusi lilikuwa likimponyoka mama. Aliishika karatasi mpaka mikono ikachoka, akaishusha mapajani.

"Huu siuoni, mwanangu. Niambie."

Winifrida akaliweka chini beseni la vyombo, akakaa karibu naye, akaanza kumweleza giza liko wapi na mwanga unaingilia wapi.