Makopo Sita ya Muhsina

Mtungi wa kwanza ulikuwa wa makopo. Kila siku ya kiangazi, kabla jua halijapanda majabali ya Matrah, kando ya Maskati, Nasriya alikwenda kisimani, akapanga foleni, akarudi na mtungi kichwani, na maji yale hayakwenda chunguni wala kinywani. Mumewe, Mahfoudh, aliyapokea mlangoni. Alikunja gunia mara mbili, akaliloweka, akalifunika juu ya makopo sita ya bati yaliyopangwa kwenye pembe ya banda lao la makuti. Wao walikunywa mtungi wa pili.

"Joto likiingia, filamu hujikunja kama ngozi ya mbuzi," alimweleza.

"Na mimi?" Nasriya aliuliza. Mgongo wake ulikuwa umejaa harara, hata nguo ilikuwa adhabu.

"We una miguu, Nasriya. Toka ukae kivulini."

Ndani ya makopo yale alikuwamo Muhsina, mke wa kwanza wa Mahfoudh. Alikufa kwa homa mwaka sitini na nne, kwenye meli iliyowatoa Unguja, na maiti yake ikatoswa baharini siku mbili kabla Maskati haijaonekana. Kaburi hakuwa nalo. Alikuwa na filamu.

Mahfoudh alianza kazi ya senema kwa kuchana tikiti mlangoni, huko Ng'ambo ya Unguja. Akajifunza kuendesha mashine. Akanunua kamera kwa Mgoa aliyekuwa akirudi kwao, kisha akauza mikarafuu ya marehemu babake ili atengeneze picha yake mwenyewe: hadithi ya mwanamke anayekwenda kwa kadhi kila siku, siku nenda siku rudi, mpaka anasikilizwa. Mwanamke huyo alikuwa Muhsina. Filamu ilisafishwa Bombay, ikaonyeshwa Unguja wiki tatu, watu wakakaa hata kwenye ngazi. Ikapelekwa Pemba. Ikapelekwa Tanga. Sasa Mahfoudh yuko Matrah, katika nchi aliyoambiwa tangu mdogo kuwa ndiyo kwao, na watu wanamwita Zinjibari, mtu wa Unguja, na senema ni marufuku. Anatengeneza stovu sokoni. Vidole vilivyokuwa vikiunga filamu vinazibua matundu ya mafuta ya taa.

Nasriya aliozwa kwake na ami yake akiwa na miaka kumi na saba. Hakuulizwa. Ami alisema bwana ni mtu wa Unguja kama wao, mstaarabu, hana makuu. Makopo hakuyataja.

Siku moja mumewe alipokuwa sokoni, alifungua kopo moja, akavuta mkanda kidogo, akauinua kwenye mwanga uliopenya katikati ya makuti. Muhsina alikuwa mdogo kama punje ya mchele. Ameshika pindo la buibui lake, anacheka. Chini yake Muhsina mwingine, kacheka vilevile. Na mwingine. Nasriya aliteremka nao mpaka mkono ukamchoka, akitafuta mahali ambapo ule uso utakuwa mbaya. Hakupaona.

Riziki yake mwenyewe ilikuwa kushona kofia. Mteja wake mkubwa alikuwa Bi Masouda, mzaliwa wa Unguja kama yeye, mke wa Bwana Marhoon, karani wa ofisi ya ruhusa.

"Mwanangu, unadunga kitambaa kama kimekutukana," Bi Masouda alimwambia mwaka sitini na nane, wamekaa ukumbini kwake, kahawa katikati.

"Nnaye mke mwenza, Bi Masouda."

"Wewe? Na banda lile lenu, huyo analala wapi?"

"Kwenye makopo. Tena anakogeshwa kabla yangu."

Bi Masouda alicheka mpaka kahawa ikammwagikia. Nasriya naye akacheka, na kicheko kikamfungua mdomo, akaeleza yote: gunia, meli, picha.

"Makopo mangapi?" aliuliza Bi Masouda, akijifuta.

Nasriya alijua Bwana Marhoon ni nani. Alijua, sindano mkononi, na akasema, "Sita."

Walikuja kesho yake, Marhoon na askari wawili. Hawakupekua. Walikwenda moja kwa moja pembeni, wakavua gunia, wakabeba. Gunia lilikuwa bado linachuruzika. Marhoon alimpa Mahfoudh kipande cha karatasi: filamu zimezuiwa mpaka ruhusa itoke Salala, kwa Sultani.

"Nani kawaambia?" Mahfoudh aliuliza jioni ile, akiutazama ukuta wa makuti uliowatenga na jirani yao, Sayyida, mjane anayeuza mikate. "Huyu. Huyu masikio yake yako huku siku zote."

Nasriya aliendelea kuchagua mawe kwenye mchele. Tangu siku ile hawakumwamkia tena Sayyida.

Nasriya alidhani sasa atapata mume. Mahfoudh akaanza kwenda ofisini kwa Marhoon. Alitia kanzu safi kila asubuhi, akakaa kwenye benchi mpaka adhuhuri, na stovu za watu zikalala sokoni bila fundi. Nasriya alipompelekea chakula alisimama nyuma ya ukuta, akasikia.

"Sheikh Marhoon, kuna jibu?"

"Barua imekwenda Salala."

"Ilikwenda tangu Mfunguo Mosi, sheikh."

"Basi ndiyo hiyohiyo. Wewe unataka kumkimbiza mwenye nchi?"

"Siwezi. Nnaomba tu zisikae juani."

"Ziko mahali pazuri. Zimetunzwa kuliko wewe."

Waliokuwa kwenye benchi walicheka. Mmoja akasema, "Zinjibari, hebu tuchezee senema hapahapa, kungoja huku kurefu." Mahfoudh naye akacheka kidogo, kwa adabu.

Usiku alilala ameelekea pembe ile tupu. Chakula akikiacha nusu. Siku moja aliomba maji. "Muhsina, niletee maji," alisema, na hakusikia alichosema. Nasriya akampa. Zamani mke mwenzie alikuwa na mahali pake, unamfunika na gunia. Sasa alikuwa kila mahali.

Miezi mitano ikapita. Bi Masouda alimwita kuchukua kitambaa cha kofia nyingine, na alipomimina kahawa mkono wake ukalia. Bangili mbili mpya, nyeupe, pana kama kidole gumba.

"Zishike uone uzito. Kazi ya Sleyum sonara. Bwana kasema hii fedha haikuchanganywa na kitu." Akavua moja. "Vaa, vaa, usione haya."

Nasriya aliivaa. Mume wake hajamletea hata uzi wa fedha. Aligeuza mkono huku na huku, bangili ikashika mwanga wa dirishani, na kwa muda kidogo alijiona mwanamke anayetazamwa.

"Imekupenda," Bi Masouda alisema, akanyosha kiganja airudishiwe. "Mwambie mumeo aache kukaa bure mabenchini."

Njia ya kurudi ilipita sokoni, na duka la Sleyum lilikuwa kwenye njia. Nasriya hakutaka kusimama. Alisimama kwa sababu mkaa wa Sleyum ulikuwa ndani ya kopo la bati, na kwenye ubavu wa kopo palikuwa na maandishi ya rangi nyeupe, herufi za Kiarabu alizozijua, hati ya mumewe. *Muhsina. La nne.*

"Kopo hili umelitoa wapi, mzee wangu?"

"Kwa karani. Kaleta sita." Sleyum hakuinua macho kutoka kwenye kazi yake. "Yalikuwa yamejaa mikanda myeusi. Mhindi mmoja alinifunza, ile nyeusi ya picha ina fedha ndani. Unachoma, majivu unayayeyusha. Moshi wake nusura unipofue! Kazi ya siku tatu, na nilichopata ni fedha ya bangili mbili na kipande cha ala ya jambia."

"Hukuzitazama?"

"Nitazame nini? Vijitu vidogo. Mwanamke mmoja, yuleyule tu, anacheka." Akainua macho. "Unalitaka kopo? Lichukue, limeshatoboka."

"Sina kazi nalo," Nasriya alisema.

Alifika nyumbani, akapika. Mahfoudh alirudi kutoka kwenye benchi, akavua kanzu, akaikunja. "Wanasema karibu," alimwambia. Nasriya akampakulia.

Mwaka sabini, mwezi wa Julai, redio ikatangaza Sultani mpya na mambo mapya. Watu walitoka njiani wakapiga ngoma. Ikasemwa lango la mji halitafungwa tena usiku, shule zitajengwa, watu wa Unguja waje wote wajenge nchi, na senema, senema pia itaruhusiwa. Mahfoudh alilia hadharani, akakumbatiana na watu asiowajua. Wiki ya pili akaenda kwenye ofisi mpya iliyopakwa rangi. Ndani, nyuma ya meza mpya, alimkuta Marhoon, amevaa miwani ya jua.

"Kanambia nirudi Jumamosi," alimweleza Nasriya, uso unang'aa kama wa mtoto. "Hakuna tena habari ya Salala. Kasema, 'Ndugu yangu, zama zimebadilika.' Ndugu yangu! Umesikia?"

"Nimesikia."

Jumamosi aliamka alfajiri, akakoga, akanyoa ndevu. Mlangoni akageuka.

"Nasriya, lowesha gunia. Leo nnarudi nazo."

Nasriya alikwenda kisimani, akaleta mtungi wa kwanza. Alikunja gunia mara mbili. Kwenye udongo wa pembe ile, miaka miwili hapajafagiwa, zilikuwapo bado alama za duara za makopo. Alilisogeza gunia mpaka likafunika zote, akamimina maji yote. Yakapotea chini. Joto la Agosti lilikuwa limeshaingia ndani ya makuti, na kabla hajamaliza kupepeta mchele gunia lilikuwa limekauka kau.

Akachukua mtungi, akarudi kwenye foleni. Mbele yake alisimama Sayyida, ambaye hawakusemezana naye tangu siku ya askari. Sayyida aligeuka, akautazama mtungi, akamtazama yeye.

"Mtungi wa pili huu na saa tatu haijafika. Mmepata mgeni?"

"Hajafika," alisema Nasriya, akasogea mbele hatua moja.